Tulitoka Moto Mmoja, Nikaugua Peke Yangu

Namshukuru Mungu kwamba mkono unaoandika haya hautetemeki. Kuna wakati haukuweza kushika kalamu wala sindano, na kikombe cha chai nilikishika kwa mikono miwili kama mtoto. Ninamwandikia yule aliyeketi nyumbani saa hii akijiuliza kwa nini yeye, wakati wenzake waliopata pigo lile lile wameshasimama na kwenda zao. Sina elimu ya udaktari. Nimefundisha watoto wa kike kusoma Qur'ani kwa miaka thelathini na zaidi, katika chumba kimoja hapa Kiamaiko, na hiyo ndiyo elimu niliyo nayo. Nitasema yaliyonipata tu.

Mimi na mdogo wangu Halima ni wa tumbo moja. Waume zetu walipofariki tulipanga nyumba moja ya vyumba viwili, na asubuhi tulikuwa tukiuza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba, kwenye kibanda cha mabati. Baada ya adhuhuri mimi nilirudi kufundisha, yeye akabaki na wateja. Watu walizoea kutuona pamoja hata wakituchanganya majina, ingawa yeye ni mwembamba na anasema sana, na mimi ni mnene na nasema kidogo. Nilikuwa mnene, niseme hivyo.

Moto ulitukuta siku ya Jumatatu, katika baridi ya mwezi wa saba, kabla sijaondoka kwenda madrasa. Sitausimulia sana. Mtu wa kibanda cha nyuma alipiga kelele, kisha moshi ukaingia kwa juu. Njia ya kutokea ilikuwa moja, nyembamba, na mtu alikuwa ameacha mkokoteni wenye mizigo katikati yake. Halima aliniinamisha, akashika ncha ya buibui langu, tukapita chini ya ule mkokoteni kwa magoti. Yote hayo hayakuchukua muda wa chai kuchemka. Tukatoka. Upande wetu hakufa mtu. Mimi nilichubuka goti, Halima akaungua kiganja. Ungetuona jioni ile ungesema yeye ndiye aliyeumia.

Siku ya tatu Halima alikuwa amekwisha kutandika turubai juu ya majivu, mkono umefungwa kitambaa, anaita wateja. "Karibuni, akina mama, leo nguo zimeiva." Watu wakacheka, wakanunua. Mimi nilifika mpaka barabarani, nikaona mabati meusi, nikarudi nyumbani nikasema tumbo linaniuma.

Kwangu ulianza kuondoka usingizi, ukafuata moyo. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa tu nachambua mchele. Nikawa nasaga meno bila kujua mpaka gego moja likapasuka. Nywele zilitoka kwa kitana, mafungu mafungu, na mabuibui yangu yote yakanipwaya. Kiamaiko ni mahali pa mbuzi, wasomaji wa hapa wanajua. Vichwa na miguu huchomwa manyoya kando ya barabara, na harufu hiyo nimeishi nayo tangu niolewe bila kuijali. Sasa nikawa naisikia kabla haijafika. Nilifunga madirisha na kuweka taulo chini ya mlango, na Halima akirudi anayafungua yote akisema nyumba inanuka kama duka la viatu.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Lililonivunja ni la darasani. Alasiri moja nilikuwa nikiwasomea wasichana sura niliyoihifadhi nikiwa na miaka tisa, sura ambayo nimeisoma nikifua, nikipika, nikiuguza mume. Katikati yake nikafika mahali pakawa hapana kitu. Si kwamba nilichanganya aya. Palikuwa peupe. Wasichana wakamalizia kwa sauti, wakidhani nawajaribu, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nilipofika nyumbani nilijaribu tena. Palikuwa peupe pale pale. Siku zilizofuata pakaongezeka pengine, na pengine, kama nondo wameingia kwenye sanduku la nguo. Hiyo sura ndiyo mali yangu. Sina shamba wala jengo. Nikajua kwamba hali hii ikiendelea nitaipoteza yote, na madrasa nayo, na sitajua nilikuwa nani.

Nilimwambia Halima tukiwa kwenye chai. Rukia, binti yangu anayekaa Njiru, alikuwepo. Halima alinisikiliza, akapuliza chai yake, akasema, "Dada, ikiwa moto wa Gikomba umekufanya hivi, wa akhera utauweza?"

Rukia alicheka, kisha akaniona uso akanyamaza. Halima hakuwa na ubaya. Ndivyo anavyosema na watu wote, hata na wafiwa. Lakini neno lile liliingia likakaa. Kwa sababu nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo. Tulilelewa nyumba moja, tukafundishwa dini na baba mmoja, tukatoka moto mmoja kwa magoti. Yeye anakula na kulala. Basi tofauti iko wapi, kama si kwenye imani? Nikaongeza saumu za sunna za Jumatatu na Alhamisi. Nikaongeza uradi baada ya kila sala. Nilipokuwa nikisujudu nilikuwa naomba nisamehewe kosa nisilolijua, na moyo ukienda mbio papo hapo juu ya mkeka.

Nitaandika na hili, kwa kuwa naandika kwa ajili ya kusaidia. Nilimwonea mdogo wangu wivu. Jumapili baada ya chakula alikuwa akijinyoosha kwenye kiti na kukoroma, mdomo wazi, na mimi nimekaa mbele yake macho makavu, na nilimchukia. Aliyeniokoa. Ukijikuta hapo, ujue wengine tulipita.

Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu, akanisomea, akanipa maji. Nilitulia kama saa moja. Nilipomshukuru akasema, "Mwalimu, haya maji ni dua. Hospitali nayo nenda." Nikasema nitakwenda. Sikwenda. Ni Rukia aliyekuja mwezi wa kumi, akaniwekea viatu mbele ya miguu.

"Mama, ungekuwa na presha ungeenda?"

"Ningeenda."

"Na sukari je?"

"Ningeenda."

"Basi hata hii twende. Usinifanye nilie kwa barabara."

Mimi huvaa buibui na mtandio, uso wazi. Siku ile niliazima nikabu ya Rukia nikafunika uso, kwa sababu kliniki aliyonipeleka pale hospitali iko mwisho wa ukumbi na kibao chake kinasomeka tangu getini. Kuna mabenchi mawili yanayotazamana, kwa hiyo huna pa kuweka macho. Tulikaa tangu saa mbili asubuhi. Mwanamume mmoja alikuwa akikunja na kukunjua kadi yake mpaka ikakatika. Saa tano hivi karani akatoa kichwa dirishani, akaita, "Zuhura. Zuhura wa kliniki ya akili." Ukumbi mzima ukageuka kumtafuta Zuhura. Mimi nikageuka nao, nikikohoa.

Mama aliyekaa kando yangu akaniinamia. "Mwalimu, unaitwa."

"Umenijuaje?"

"Hicho kikohozi. Miaka minne nakisikia nikimngoja Sumeya nje ya darasa lako." Alikuwa mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, mwanamke mchangamfu, mwenye kuuza maharagwe. Nikamwuliza amemleta nani. "Mimi mwenyewe. Mwaka wa pili sasa. Hili benchi wangenipa tu niende nalo nyumbani."

Nilicheka chini ya nikabu. Sikumbuki nilikuwa nimecheka lini kabla ya hapo.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Rukia, mwenye mafua. Aliniuliza maswali mengi, na mimi nikamwuliza moja tu. Nilimwambia kuna ndugu yangu aliyekuwa nami mle ndani na hana kitu, kwa hiyo anieleze mimi nimepungukiwa nini. Alifikiri. Akauliza, "Mwalimu, ukiwapa watoto ukurasa mmoja wahifadhi, wote wanamaliza siku moja?"

"La. Kuna wa siku moja, kuna wa wiki mbili."

"Yule wa wiki mbili ana imani ndogo?"

"Hapana. Ndivyo kichwa chake kilivyo."

"Basi," akasema, akapenga mafua, akaandika dawa. Alisema ubongo wa kila mtu hupokea kishindo kwa namna yake, na wangu bado unaamini kwamba moto unawaka. Dawa moja kila siku baada ya isha. Nirudi kila mwezi kwa mazungumzo. Nisiache dawa bila kumwona.

Nilielewa. Lakini kuna kuelewa kwa kichwa, na kuna kuelewa mahali pengine, na huku kwingine kulichelewa sana.

Dawa ile ilinikausha mdomo. Nilitembea na chupa ya maji kila mahali, na asubuhi niliamka mzito kama robota la nguo. Rukia alikuwa akipiga simu kila siku saa moja asubuhi kuhakikisha nimeamka. Lakini mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, nilikuwa nalala. Zilipoisha, niliweza kukaa chumba kimoja na jiko la makaa. Mwezi wa kwanza, nikikunja nguo, ile sehemu nyeupe ya sura ikarudi yenyewe, aya tatu, kisha ya nne. Nililia juu ya nguo. Halima akauliza nini tena, nikamsomea. Akaweka chini alichokuwa nacho, akasema, "Alhamdulillahi," bila mzaha wowote.

Ningeishia hapo simulizi ingekuwa nzuri. Lakini ikaja Ramadhani, nami nikafanya kosa ambalo mtu asiyejua dini asingeweza kulifanya.

Kila mwaka, kabla ya mfungo, nawafundisha wasichana ni nani aliyeruhusiwa kula. Mgonjwa, msafiri, mwenye mimba, anayenyonyesha, mkongwe. Nawafundisha kwamba ruhusa ni zawadi, na kwamba kuirudisha zawadi ya Mola ni utovu wa adabu. Nilifundisha hivyo mwaka huu pia, huku dawa imo kwenye mfuko wangu. Haikunijia kwamba nazungumza juu yangu. Mgonjwa, akilini mwangu, alikuwa mtu wa kitandani. Mimi natembea, nafundisha, napika. Na Halima anafunga. Ikiwa yeye anafunga, mimi nitakula kwa hoja gani?

Siku mbili za kwanza dawa ilinilaza nikapitiwa na daku, na kufikia saa tatu asubuhi ulimi ulikuwa umeganda. Siku ya tatu nikazitia dawa kwenye mkebe wa majani ya chai, nikaufunika. Sikumwambia mtu. Daktari sikumwuliza, kwa sababu nilijua atakachosema.

Wiki ya kwanza nilijisikia mwepesi, nikadhani ni baraka. Wiki ya pili usingizi ukaondoka tena, na safari hii haukuaga. Siku ya kumi na mbili, baada ya alasiri, jirani alikuwa akiwasha jiko lake uani ili akaange sambusa za futari, na makaa yakakataa kushika, akatupia kipande cha nguo ya nailoni. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Harufu iliponifikia sikufikiri chochote. Nilikimbia.

Nilikimbia bila viatu na bila mtandio. Mwanamke wa umri wangu, nywele zile zilizobaki ziko wazi, kisu cha vitunguu mkononi, kupita mbele ya maduka ya watu ninaowafundishia watoto. Nilisimama katikati ya soko la mbuzi kwa sababu mbuzi walinizuia. Nikasikia, "Si huyu ni Mwalimu wa madrasa? Ameshikwa na nini?" Na mwingine, "Wacha nichukue video." Na sauti ya mtu mzima ikisema, "Weka simu chini. Huyu amemfundisha mama yako."

Mwenye sauti alikuwa muuzaji mbuzi, mzee wa Kiborana. Sikumjua wakati ule, ingawa leo tunasalimiana. Alivua shuka begani mwake akanifunika kichwa na mabega, akakitoa kile kisu mkononi mwangu taratibu kama mtu anayemvua mtoto mwiba. "Kaa, mama," akasema. "Hakuna moto hapa. Hawa ni mbuzi tu." Akarudia hivyo mara nyingi. Shuka ilinuka mbuzi, na harufu ile ndiyo iliyonirudisha.

Halima alikuja, sijui nani alimwita. Alinishika mkono tukarudi. Nyumbani alinikalisha, akaosha miguu yangu kwenye beseni, kisha akaenda kutengeneza uji wa futari, akafungua mkebe wa majani ya chai kwa kuudhani wa sukari. Alirudi nao mkononi.

"Dada. Hizi ni za siku ngapi?"

"Kumi."

"Nani alikuambia ufunge?"

"Wewe unafunga."

"Mimi ndiye wewe?"

Akaketi sakafuni, kando ya beseni. Kiganja chake kina kovu linalong'aa, nikaliona kwa mara ya kwanza vizuri.

"Ule moto," akasema, "mimi niliona mkokoteni. Nikaona chini yake kuna nafasi. Basi. Sikuona kitu kingine, na mpaka leo nikikumbuka naona mkokoteni. Wewe uliona nini?"

"Niliona moto."

"Umeona? Sijui kwa nini mimi nalala. Sikuomba. Wewe ndiye mwenye uradi, mimi hata Ijumaa nachelewa. Unajua ninavyojisikia nikiamka na kukukuta umekaa pale vile nilivyokuacha? Naona haya. Nafanya mzaha kwa sababu naona haya."

Miezi minane tulikuwa tumekaa nyumba moja, mimi naona haya kwa kuugua na yeye anaona haya kwa kuwa mzima.

Jua lilikuwa bado juu, kama saa moja na nusu kabla ya magharibi. Halima alisimama, akaleta bakuli la uji na glasi ya maji na simu. Aliongea na Rukia, Rukia akamtafuta daktari, daktari akasema nile sasa, nizirudie dawa usiku huu, asubuhi nifike kliniki. Mdogo wangu, mdomo wake mkavu kwa saumu, alishika glasi ile mbele yangu. Nilikunywa. Sijawahi kunywa maji magumu kama yale. Yalishuka kama mawe, kisha yakawa maji.

Kliniki walinipokea bila maneno makali. Mama Sumeya alikuwa kwenye benchi, akasogea kunipa nafasi. Sheikh aliniambia nisifunge mwaka huu, nikipona nitalipa siku zangu, na ikiwa haiwezekani nitalisha masikini. Akaniuliza kama kweli sikuijua hukumu hiyo. Nikasema nimeifundisha miaka thelathini. Akainamisha kichwa, nadhani ili nisimwone akitabasamu.

Leo nakunywa dawa bado. Kliniki ni kila miezi miwili. Baadhi ya aya zimerudi na baadhi hazijarudi, na ninafundisha msahafu ukiwa wazi mbele yangu, jambo ambalo zamani ningelionea aibu. Nachoka upesi. Gikomba sijarudi, na huenda nisirudi. Halima anakwenda, na jioni anaponisimulia vituko vya wateja nasikiliza bila kumchukia. Ndugu unayesoma, usijipime kwa aliyesimama kando yako. Hukupewa kifua chake wala kichwa chake, naye hakupewa vyako.

Jumamosi ya kwanza baada ya siku ile ya soko la mbuzi nilirudi darasani. Nilijua kwamba habari zimeshafika, maana wasichana walikuwa kimya kuliko kawaida na viatu vyao vimepangwa vizuri mlangoni. Nikaweka msahafu, nikaweka chupa yangu ya maji kando yake, mezani, mahali pa kuonekana. Wasichana kumi na wawili, macho ishirini na manne, yote yakaenda kwenye chupa.

Sumeya ndiye aliyeinua mkono. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kufunga mwezi mzima, na midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mwalimu, wewe hufungi?"

"Sifungi. Mimi ni mgonjwa."

Alinichunguza kuanzia miguuni. "Unaumwa wapi?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Nikagusa kichwa. "Hapa."

Wakatazamana. Sumeya akafikiri, kama mtu mzima. "Basi kunywa maji, Mwalimu. Sisi tutageuka ukutani, hatutakuangalia." Na kweli wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, mabuibui yao madogo yakisuguana kwenye mkeka.

"Hapana," nikawaambia. "Geukeni huku. Leo hili ndilo somo."

Nikangoja mpaka wote wamenielekea. Kisha nikafungua chupa, nikasema bismillahi kwa sauti wanayoisikia, nikanywa.